Mwalimu wa Kiswahili Asiyeijua Unguja

Muhula uliopita, nilipokuwa nikieleza darasani jinsi msamiati wa lugha unavyofuata maisha ya wasemaji wake, niliandika ubaoni maneno mawili: bamvua na maji mafu. Nikasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema hayo mara nyingi, kwamba bamvua ni kipindi ambacho bahari hujaa mno na kupwa mno, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ilhali maji mafu ni zile siku za katikati ambapo tofauti ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Msichana mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa Bomet, akainua mkono. "Daktari," akauliza, "ukiwa umesimama ufuoni, bamvua lafananaje?" Darasa zima likanikodolea macho. Nikakohoa, nikatazama saa, nikasema tutalirejelea swali hilo juma lijalo. Hatukulirejelea.

Ndugu msomaji, nakiri mbele yako jambo ambalo sijawahi kulikiri mbele ya wanafunzi wangu. Mimi niliyesomea isimu hadi shahada ya uzamifu, na ambaye nimekula mshahara wa Kiswahili kwa miaka kumi na mitano na ushei, sijatia mguu Unguja. Nimefika Bayreuth, Ujerumani, kusoma makala kuhusu Kiswahili mbele ya wataalamu waliovaa makoti mazito, lakini ule mkondo wa bahari ulio baina ya Dar es Salaam na Unguja, ambao boti huuvuka kwa muda wa saa mbili hivi, sijauvuka. Mombasa nimekwenda, naam, ila kwa makongamano, nikaiona bahari kupitia dirisha la ukumbi.

Kwa hiyo, Desemba hii tumeamua kwenda, mimi, mke wangu na watoto wetu wawili. Likizo ya kwanza ya familia nje ya mipaka ya Kenya. Nami katika kuipanga nimegundua kwamba kuna namna mbili za kwenda Unguja, na ya kwanza ndiyo tunayouziwa.

Wakala mmoja wa safari jijini Nairobi alinipa karatasi yenye picha za minazi. Kwa mujibu wa karatasi hiyo, tungepokewa uwanja wa ndege, tupelekwe moja kwa moja hoteli ya Nungwi iliyo ncha ya kaskazini, tulishwe humo humo asubuhi, mchana na jioni, kisha siku moja tutembezwe mashamba ya viungo na Mji Mkongwe kwa nusu siku, na mtu wa kutueleza mambo. Nikamuuliza kijana yule: huyo mtu atatueleza kwa lugha gani? Akanishangaa. "Kiingereza, mzee. Ila wakitaka watawasalimu, Jambo, hakuna matata."

Hapo ndipo nilipoirudisha karatasi. Isitoshe, hicho Kiswahili cha kuwauzia watalii tumekikuza sisi wenyewe huku Kenya. Wimbo uliokieneza duniani ulitolewa mwaka wa 1982 na bendi ya Them Mushrooms ya pwani yetu, kwa ajili ya wageni wa mahoteli. Ati nivuke mpaka, nilipe pesa, nikauziwe tena bidhaa iliyotoka kwetu!

Lakini nisijifanye shujaa. Nilipoketi kupanga safari ya namna ya pili, ile ya kukaa mjini, kupanda daladala, kununua samaki sokoni Darajani na kuzungumza na watu, moyo uliingia baridi. Sote tunakijua kile kichekesho cha kwamba Kiswahili kilizaliwa Unguja na kikaja kuugua Kenya. Walimu hukitania darasani nasi hucheka, ila kicheko chenyewe kina uchungu ndani yake. Naogopa nini hasa? Naogopa kufungua kinywa mbele ya muuza samaki, nami ni daktari wa lugha yake, akageuka kumwambia mwenziwe: huyu katoka bara. Nashuku kwamba hofu hii, wala si nauli, ndiyo iliyonizuia miaka yote hii. Nashuku pia kwamba si yangu peke yangu. Walimu wangapi wa Kiswahili wa Kakamega, Kitui na Nyeri hulitaja jina la Unguja kila muhula kwa sauti ya heshima, kisha likizo ikifika huona afadhali kwenda kwingineko?

Hofu hiyo haina msingi, na historia ya Kiswahili Sanifu yenyewe ndiyo ushahidi. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa usanifishaji katika mkutano wa mwaka wa 1928, nao mkutano huo, kwa kinaya kisicho kidogo, ulifanyika Mombasa, nyumbani kwa Kimvita kilichoshindwa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi Januari 1, 1930. Hata hivyo, Kiunguja kilikwisha kuwekwa vitabuni kabla ya hapo na wamishenari, hususan Askofu Edward Steere, aliyechapisha kitabu chake cha mwongozo wa lugha mwaka wa 1870. Na wanafunzi wa kwanza wa misheni ile walikuwa akina nani? Wengi wao walikuwa watoto waliokombolewa utumwani, wazawa wa nchi za Wayao, Wanyasa na kwingineko bara. Wao nao hawakukinyonya Kiswahili titini. Walijifunza ukubwani, kama alivyojifunza msichana wangu wa Bomet, nao ndio waliokuwa miongoni mwa wasomaji wa kwanza wa vitabu ambavyo usanifishaji ulijengwa juu yake.

Steere amezikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa kuu alilolijenga Mkunazini, na kanisa hilo limesimama palipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka wa 1873. Hapo ndipo ninapotaka kuanzia, si ufuoni. Nataka watoto wangu wasimame mahali ambapo lugha waliyofundishwa shuleni imeshikana na mateso ya watu wa bara. Nusu siku haitoshi kwa jambo hilo.

Kuhusu muuza samaki, nimejituliza kwa isimu yangu mwenyewe. Kiunguja cha mtaani na Kiswahili Sanifu si kitu kimoja. Mtoto wa Unguja huenda skuli, si shule. Hutumwa kununua boflo, nasi tungemtuma mkate. Ukishuka kusini hadi Makunduchi utakuta lahaja ambayo hata mtu wa mjini hutega sikio vizuri ndipo aifahamu, na huko Tumbatu kuna nyingine. Huko Makunduchi ndiko alikozaliwa Muhammed Said Abdulla, aliyetuandikia Mzimu wa Watu wa Kale. Kisiwa hakina ulimi mmoja ambao sisi tumeuharibu. Kina ndimi kadhaa, na mgeni asemaye taratibu kwa adabu hupata pa kuketi.

Adabu ndiyo inayotutia mashaka zaidi kuliko sarufi. Huku kwetu shikamoo imebaki vitabuni, na kijana humwambia mzee wa miaka sabini "sasa" bila ya haya. Kule, mtoto apitaye mbele ya mzee bila shikamoo huonekana hakulelewa. Basi jioni, baada ya chakula, binti yangu wa miaka kumi na mwanangu wa kiume wanafanya mazoezi na mimi nikiwa mzee wa barazani. Hili neno baraza nalo limenipa kazi. Wao walijua baraza ya chifu tu, na baraza la mawaziri. Nimewaeleza kwamba katika Mji Mkongwe baraza ni kile kiti kirefu cha mawe kilichojengwa ukutani nje ya nyumba, watu hukaa hapo wakinywa kahawa na kubishana, na kwamba chifu na mawaziri walikuja baadaye. Binti yangu akaniuliza kama nimewahi kuketi juu yake. Watoto na wanafunzi wana akili moja.

Yaliyobaki ni madogo. Mkenya hahitaji viza, ila hati ya kusafiria lazima, nayo hukaguliwa tena mtu ashukapo botini Unguja hata kama imepigwa muhuri mpakani. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano tumekitafuta mapema. Aprili tumeiepuka kwa sababu ya masika. Ningependa kuuona Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya ya Makunduchi, wanaume wanapopigana kwa makuti ya migomba na kibanda kikateketezwa kwa moto, lakini hufanyika Julai, nasi walimu Julai tumo madarasani. Nguo za kuogelea ni za ufuoni, mjini tutavaa za heshima. Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka wa 1883, tutalitazama huku tukikumbuka kwamba sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Nimechelewa, na majumba hayatungoji.

Sina haki, hata hivyo, ya kugeuza likizo ya watu wanne kuwa utafiti wa mmoja. Mke wangu ni mwalimu wa hisabati katika shule ya upili, na nusu ya fedha za safari zimetoka kwenye akiba yake ya sako. Aliusikiliza mpango wangu wa kanisa, soko, Makunduchi na lahaja hadi mwisho. Kisha akasema, "Mwalimu, mimi mwaka mzima watoto sitini wananiita kwa zamu. Nataka kulala mchangani mtu asiniulize kitu." Sikupata jibu. Tumeafikiana siku nne Mji Mkongwe, halafu tatu pwani ya mashariki, Jambiani au Paje, ambako wanawake hulima mwani na ambako maji yakipwa bahari hukimbia mbali kabisa na kuacha mchanga mtupu.

Nyinyi wakuu wa idara, mnaosoma safu hii, nitawaandikia rasmi nikirejea. Twawapeleka wanafunzi wa jiolojia Bonde la Ufa wakayaone mawe, na wa kilimo mashambani. Wa Kiswahili twawapeleka maktaba. Basi la wanafunzi kwenda Lamu au Vanga kwa juma moja lingegharimu pungufu ya kongamano moja la hotelini, na huko nako bahari hujaa na kupwa.

Kwa sasa nina kalenda ukutani. Nimeizungushia duara siku ya mwezi mpevu, ambayo tutakuwa Jambiani, kwa sababu siku hizo tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Mke wangu naye amezungushia yake, siku iyo hiyo, na pembeni ameandika neno moja: kulala.