Tusiwanyang'anye Wasomaji wa Vibonzo Haki ya Kujibu

Katika shule moja ya upili isiyo mbali na mji wa Wote, nilishuhudia kisa ambacho hakijanitoka akilini. Mwalimu mwenzangu aliingia katika chumba cha walimu akiwa ameshika kijarida cha vibonzo alichomnyang'anya mvulana wa kidato cha pili katikati ya kipindi. Alikibwaga mezani, akalalama kwamba watoto wa siku hizi hawataki kusoma. Kabla ya mapumziko ya saa nne kwisha, kijarida hicho kilikuwa kimepitia mikono ya walimu watano, nami nikiwa mmojawapo, na kila aliyekifungua alicheka. Jioni, mwenye mali alisimama mlangoni kuomba radhi. Nilipomrudishia kijarida chake, aliniuliza kwa adabu, macho yakiwa chini: "Mwalimu, na wewe ulicheka wapi?"

Sikumjibu. Nilimwambia aende darasani. Lakini swali hilo lilinifuata hadi nyumbani, kwa sababu halikuwa swali la mtovu wa nidhamu. Lilikuwa swali la msomaji aliyekwisha kusoma, akafahamu, akatamani kujua mwenzake amesomaje. Hilo ndilo jambo tunalojaribu kulifundisha katika somo la fasihi kwa miaka minne, na mara nyingi tunashindwa.

Nia yangu leo ni kutetea dai moja tu. Hadithi ya michoro haikamiliki mpaka msomaji amejibu. Na shule inayompokonya mtoto kibonzo bila ya kumsikiliza haimwokoi na upuuzi, bali inamnyima nafasi ya kuwa msomaji. Ushahidi wangu nautoa katika kazi ya mtu ambaye wengi wa wanafunzi wetu hawajapata kulisikia jina lake, ingawa wanafaidi mbegu alizopanda.

Marehemu Terry Hirst alikuwa Mwingereza, mzaliwa wa mji wa Brighton. Alifika Kenya mwaka 1965 kufundisha sanaa, na baadhi ya wanafunzi wake walikuwa vijana wa Chuo cha Kenyatta kule Kahawa, waliokuwa wakiandaliwa kuwa walimu. Angeweza kuhitimisha mkataba wake na kurejea kwao, kama walivyofanya wengi. Badala yake alibaki, na mwaka 1973, akishirikiana na mwandishi mashuhuri marehemu Hilary Ng'weno, alianzisha jarida la Joe. Mhusika Joe alikuwa amezaliwa katika safu ya vichekesho ambayo Ng'weno aliiandika katika gazeti la Daily Nation. Hirst alimpa uso, mavazi na mtaa wa kuishi.

Joe hakuwa shujaa wa kuruka juu ya majumba kama wale wa vijarida vya Marekani. Alikuwa mwananchi wa kawaida wa Nairobi, mwenye mshahara usiofika mwisho wa mwezi, jamaa wanaobisha hodi kutoka mashambani, na matatu zinazomwacha kituoni. Alicheka ili asilie. Majalada aliyoyachora Hirst yalijaa watu: mmoja anasukumana, mwingine anabembeleza, mwingine amesimama pembeni akitazama. Msomaji alilazimika kuutafuta mzaha mwenyewe miongoni mwa umati huo, na kila mmoja aliuona mahali pake. Kwa hivyo, kabla hata ya kulifungua jarida, msomaji alikwisha kupewa kazi ya kufanya.

Na wasomaji hao walijibu. Wafanyakazi wa afisini, wanafunzi na walimu waliandika barua, na jarida likazichapisha. Joe aliandikiwa kana kwamba ni jirani. Wapo wanaodharau barua za namna hiyo, wakisema ni porojo. Mimi naona vingine. Mtu anayeketi chini, akatafuta karatasi, kalamu na stempu ili kumwandikia mhusika asiyekuwako duniani, amekwisha kuamini kwamba kilichoandikwa kinamhusu. Ni wangapi kati ya wanafunzi wetu wameamini hivyo kuhusu kitabu chochote tulichowalazimisha kukisoma?

Jarida la Joe lilikoma mwaka 1979, lakini kazi ya Hirst haikukoma. Katika miaka ya 1980 ulitolewa mfululizo wa Pichadithi, jina lililoundwa kwa kuunganisha picha na hadithi, na ndani yake masimulizi ya jamii zetu yakageuzwa kuwa vitabu vya michoro. Miongoni mwake kilikuwamo kisa cha Lwanda Magere, yule jagina wa Waluo ambaye mwili wake ulikuwa kama jiwe, mikuki ikimgonga na kuanguka, mpaka mke aliyetoka kwa maadui alipogundua kwamba nguvu zake zimo kivulini.

Nilipata kukisimulia kisa hicho darasani, nikichora ubaoni kadiri ya uwezo wangu mdogo. Nilipofika pale mkuki unapokichoma kivuli, msichana mmoja aliinuka bila ya kuinua mkono akasema: "Mwalimu, huyu ni Samsoni!" Mwingine akampinga: la, Samsoni alinyolewa nywele, na nywele mtu anaweza kuzificha chini ya kitambaa, lakini kivuli hakifichiki. Wa tatu akauliza kwa nini katika visa vyote viwili lawama imetupiwa mwanamke. Mjadala uliendelea hata baada ya kengele. Sikuwa nimeuliza swali lolote. Mchoro mbaya wa mwalimu ulikuwa umewafungulia mlango, nao wakaingia wenyewe.

Ndugu msomaji, jambo hili si geni kwetu. Katika masimulizi ya jadi msikilizaji hakukaa kimya kama gunia. Msimulizi alisema "Paukwa!" naye akaitikia "Pakawa!", na asipoitikiwa hakuendelea. Watoto waliuliza, walisahihisha, waliimba kiitikio. Tulipoihamishia hadithi kitabuni, tulimfunga msikilizaji mdomo. Hadithi ya michoro humrejeshea sehemu ya haki hiyo, kwani kati ya picha moja na nyingine pana nafasi tupu ambayo hakuna wa kuijaza ila msomaji.

Najua hoja za wanaopinga, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni lugha. Husemwa kwamba vibonzo huharibu Kiswahili. Sikatai kwamba wasiwasi huu una msingi. Joe na Pichadithi vilitumia Kiingereza. Jarida la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 na kusambazwa bure kwa vijana, lilichagua Sheng, na vijana wakajibu kwa wingi kupitia simu zao. Mwalimu wa Kiswahili anayesahihisha insha iliyojaa Sheng ana sababu ya kunung'unika. Lakini tatizo hapo si mchoro. Marehemu Edward Gitau alimchora Juha Kalulu kwa Kiswahili kwa miongo mingi tangu miaka ya 1950, na wapo wazee hapa Ukambani ambao walijifunza kukisoma Kiswahili kwa kufuata masaibu ya mjinga yule gazetini. Tanzania nako, Christian Gregory alimleta Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na taifa zima likamfahamu. Iwapo vibonzo vya Kiswahili sanifu ni haba leo, dawa ni kuviandika, si kuviteketeza vilivyoko.

Hoja ya pili ni kwamba vibonzo ni vya mzaha, na elimu ni jambo zito. Anayeamini hivyo na akitafute kitabu ambacho Hirst alikitoa mwaka 1994 akisaidiwa na Davinder Lamba wa taasisi ya Mazingira, kuhusu mapambano ya kuwania jiji la Nairobi. Ni historia ya ardhi, ukabaila, ubaguzi wa kikoloni na ubomoaji wa makao ya maskini, yote kwa michoro. Sidhani kama kuna mwalimu wa historia anayeweza kukiita kitabu hicho mchezo wa watoto.

Hoja ya tatu ndiyo inayoniuma zaidi, kwa kuwa imebeba ukweli. Je, inafaa Mwingereza awe ndiye wa kutuchorea masimulizi yetu? Msomaji ana haki ya kuuliza ni nini kilichopotea Lwanda Magere alipopita katika mkono wa mgeni na katika lugha ya mgeni. Hata hivyo, sisi wa Ukambani tungepaswa kuwa wa mwisho kuifunga sanaa kwa sababu ya asili yake. Uchongaji wa vinyago unaotupatia sifa ulimwenguni ulikuzwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, ambaye aliiona kazi ya wachongaji wa Tanganyika alipokuwa huko wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza. Alirudi nyumbani, akachonga, akawafundisha jamaa zake, na leo hakuna anayethubutu kusema kwamba sanaa hiyo si yetu. Kitu cha kuazima huwa chako siku unapoanza kukijibu kwa mkono wako.

Hapo ndipo penye deni letu. Hirst alitusimulia, sisi tumemjibu nini? Mjini Nairobi wachoraji walijibu. Baadhi yao walichora katika jarida la Joe lenyewe, akiwamo Gitau, na kizazi kilichofuata kikazijaza kurasa za magazeti yetu. Lakini huku kwetu, Makueni na Kitui, masimulizi ya wazee yangali yakisubiri mchoraji. Kila mtoto wa hapa amesikia habari za Syokimau, nabii wa kike anayesimuliwa kwamba alitabiri kuja kwa nyoka mrefu wa chuma kutoka baharini. Reli ikaja kweli, ikapita Mtito Andei, Kibwezi, Makindu na Emali. Je, ni mtoto yupi asingependa kukichora kichwa cha nyoka yule kikitokeza vichakani? Na ni nani ajuaye kukichora vyema kuliko mtoto aliyekua akiisikia honi ya treni usiku?

Kwa hivyo nina mapendekezo machache kwa walimu wenzangu, na hakuna hata moja linalohitaji kungoja waraka kutoka wizarani. Kwanza, vijarida vinavyonyang'anywa visifungiwe kabatini. Viwekwe katika kisanduku pembeni mwa maktaba, baada ya mwalimu kuondoa vile vyenye matusi na uchafu, maana vipo, na kuvitetea vibonzo si kuvitetea vyote. Pili, mara moja kwa wiki, mwanafunzi aandike barua ya Kiswahili kwa mhusika au kwa mchoraji: amekubali nini, amekataa nini, amecheka wapi na kwa nini. Barua hiyo ni insha tosha. Tatu, wakati wa likizo kila mwanafunzi amwombe babu au nyanya hadithi moja, aigawe katika picha sita, aandike mazungumzo kwa Kiswahili sanifu, kisha airudishe kwa aliyemsimulia aikosoe. Karatasi na penseli vinatosha.

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unadai kwamba mwanafunzi awe mbunifu na ajue kuwasiliana. Maneno hayo ni matamu kuyasoma katika vitabu vya miongozo. Lakini mtoto hawezi kufunzwa kuwasiliana katika chumba ambamo mwalimu peke yake ndiye mwenye ruhusa ya kuuliza. Aidha, katika shule zetu nyingi za maeneo makavu, ambako kitabu kimoja hugawanywa na wanafunzi kadhaa, ni ajabu ya aina yake kumpata mtoto akisoma kwa hiari kisha tukamwadhibu.

Wapo watakaosema kwamba mitihani haiulizi habari za vibonzo. Ni kweli. Lakini mitihani huuliza ufahamu, na ufahamu hauanzi siku ya mtihani. Huanza siku ile mtoto anapogundua kwamba maandishi yanaweza kumchekesha, kumkasirisha na kumfanya atake kusema neno. Mwanafunzi ambaye hajawahi kubishana na kibonzo, atabishana vipi na riwaya?

Nirejee kwa yule mvulana wa kidato cha pili. Siku ya pili yake nilimwita. Nilimwonyesha ukurasa, nikaweka kidole juu ya picha iliyonichekesha. Aliitazama kidogo, akatikisa kichwa. "Hapo mimi sikucheka, mwalimu," alisema. "Hapo nilimhurumia." Nikaitazama tena picha ile. Alikuwa amesoma vizuri kuniliko.