Kumlaza Mzee Siyo Kumheshimu



Mwezi huu nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalifanya kwa nia njema, lakini linawamaliza wazee wetu kabla ya siku zao. Mzee akipatwa na kiharusi, akivunjika mguu, au akidhoofika baada ya homa kali, tunamlaza. Chakula kinamfuata kitandani, maji ya kuoga yanamfuata kitandani, na haja anajisaidia hapo hapo. Wajukuu wanaambiwa, "Msimsumbue babu, mwacheni apumzike." Majirani wakija wanaisifu familia: tazameni wanavyomtunza mzee wao, hata kijiko hashiki! Majuma yanapita, kisha miezi, na siku moja tunashtuka kwamba mzee hawezi hata kukaa bila kushikiliwa.

Hapo tunasema, "Ni ugonjwa wake." Kwa maoni yangu, mara nyingi siyo ugonjwa wake. Ni kitanda.

Katika nchi za wenzetu wazee wengi hutunzwa kwenye nyumba maalumu. Kwetu Tanzania makazi ya namna hiyo ni machache: kuna Nunge kule Kigamboni, Kolandoto mkoani Shinyanga, Sebleni na Welezo huko Zanzibar, na mengineyo, mengine yakiwa chini ya watawa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka msimamo kwamba mzee atunzwe kwanza na familia na jamii yake, na makazi yawe hatua ya mwisho. Basi, toka milima ya Litembo hadi ufukoni Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, nyumba ya kutunzia wazee ni kile chumba cha nyuma, na muuguzi ni binti au mkamwana. Ninayoyasema hapa yanawahusu hao kwanza, lakini yanahusu pia makazi ya wazee na wodi zetu za hospitali.

Kitanda kinafanya nini mwilini?

Mwili wa binadamu umeumbwa utembee. Usipotumika, misuli hunywea upesi, na kwa mzee hunywea upesi zaidi kuliko kwa kijana. Viungo hukakamaa: goti lililokunjwa kwa mwezi mzima huanza kukataa kunyooka. Mifupa hupungua uimara. Mapafu hayajai hewa vizuri, makohozi hukaa chini, na nimonia hupata mahali pa kuanzia. Damu huenda polepole miguuni na inaweza kuganda. Choo huwa kigumu. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, ikafa, na hivyo hutokea vidonda vya kulalia. Juu ya hayo yote, moyo wa mzee huingia unyonge, kwa kuwa anayetazama dari siku nzima huona kwamba hana kazi tena duniani.

Msidhani haya ni ya wazee peke yao. Mwaka 1966 madaktari wa Dallas, Marekani, waliwalaza vijana watano wenye afya njema, wenye umri wa miaka kama 20, kwa majuma matatu. Vijana wale waliamka wakiwa dhaifu, na ilibidi wafanyishwe mazoezi kwa majuma kama 8 ili warudi katika hali yao. Miaka 30 baadaye watu wale wale walipimwa tena. Ikaonekana kwamba majuma matatu ya kulala yaliwapunguzia uwezo wa mwili kuliko miaka 30 ya kuzeeka! Kama kitanda kilimfanya hivyo kijana mzima, kitamfanya nini bibi wa miaka 75?

Kiharusi siyo mwisho

Wengi wanaolazwa vyumbani mwetu ni wagonjwa wa kiharusi, na hatuwezi kusema ni ugonjwa wa Wazungu au wa mjini. Uchunguzi uliofanyika kati ya mwaka 2003 na 2006 katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, na katika Dar es Salaam, ulionyesha kwamba kila mwaka, katika watu 100,000, kiharusi kiliwapata watu wapatao 109 Hai na wapatao 316 Dar es Salaam, baada ya hesabu kurekebishwa kwa sababu ya tofauti za umri. Chanzo kikubwa ni shinikizo la damu lisilotibiwa.

Kiharusi kinapompata mtu, sehemu ya ubongo hukosa damu au huvujiwa na damu. Sehemu iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu zilizobaki zinaweza kujifunza kazi ya ile iliyokufa, kama mtoto anavyojifunza kutembea, yaani kwa kurudia na kurudia. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo yenye faida kubwa kuliko yote. Na hiyo ndiyo miezi tunayoipoteza, ama kwa kumlaza mgonjwa, ama kwa kuzunguka naye kwa waganga tukitafuta nani aliyemtupia.

Katika miaka yangu ya uuguzi nimemwona mvuvi mmoja wa kando ya ziwa aliyerudishwa nyumbani mkono wa kulia ukining'inia. Mkewe hakumlaza. Kila asubuhi alimtoa nje chini ya mwembe, akamwekea wavu uliochanika mapajani. Mkono mgonjwa ulikazwa juu ya wavu ili uushikilie, na mkono mzima ulitia sindano. Miezi ya kwanza wavu ulikuwa kichekesho. Mvuvi yule hakurudi ziwani, lakini alitembea kwa fimbo hadi kanisani, alikula kwa mkono wake, na nyavu za wanawe alizishona yeye.

"Lakini tutamtesa"

Najua yanayosemwa, kwani nimeyasikia mara nyingi. La kwanza: "Mzee amefanya kazi maisha yake yote, sasa apumzike." Ni kweli, apumzike. Lakini kupumzika ni baada ya kufanya kitu. Asiyefanya kitu hapumziki, anaoza.

La pili: "Ataanguka." Anaweza kuanguka, na ndiyo maana anasimamishwa akiwa na mtu. Lakini miguu iliyolala mwezi mzima ndiyo inayoangusha watu zaidi.

La tatu ni zito, na huwabana hasa wakamwana: "Watu watasema ninamfanyisha mama mkwe kazi." Nimeona mkamwana akificha ungo wa maharage wageni walipofika, ili wasione kwamba bibi alikuwa akichambua. Ndugu zangu, hapa jamii nzima inakosea. Bibi anayepukuchua mahindi au kuchambua maharage anafanya mazoezi ya vidole, ya mgongo na ya akili, na anajua kwamba jioni watu watakula kwa mkono wake. Tumpongeze mkamwana huyo, tusimsengenye.

La nne: "Hatuna wataalamu." Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache kweli, ingawa KCMC kule Moshi imekuwa ikiwafundisha tangu miaka ya 1970, na tangu mwaka 1981 ipo pia shule ya kufundisha mafundi wa viungo bandia na vyuma vya miguu. Lakini sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji mashine. Wauguzi wa zamani waliowatunza wagonjwa wa ukoma wanakumbuka: loweka mkono, paka mafuta, nyoosha vidole, kesho tena. Uvumilivu ndio dawa.

Mambo ya kufanya nyumbani

1. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, usiku na mchana. Tazama makalio, nyonga na visigino kila siku. Ukiona wekundu au weusi usiopotea, usimlaze tena upande huo.

2. Mara mbili au tatu kwa siku nyoosha na kunja kila kiungo polepole, kama mara 10. Ishia pale anapoanza kusikia maumivu. Kamwe usimvute kwa mkono mgonjwa, kwani bega huteguka kirahisi.

3. Akalishwe kula. Anayekula amelala hupaliwa, na chakula kikiingia mapafuni ni hatari. Abaki amekaa kama nusu saa baada ya kula.

4. Kila analoweza alifanye mwenyewe, hata kama atachelewa. Kunawa uso, kufunga vifungo, kushika kikombe, yote hayo ni mazoezi.

5. Kumsimamisha: miguu ivutwe nyuma chini ya kiti, ainame mbele, kisha ainuke. Msaidizi akae upande uliodhoofika. Fimbo ishikwe kwa mkono mzima.

6. Simika miti minne uani na ufunge mianzi miwili sambamba, kimo cha kiuno, ajifunze kutembea katikati. Kwenye miteremko yetu ya Umatengo akumbuke hivi: kupanda hutangulia mguu mzima, kushuka hutangulia mguu mgonjwa.

7. Miezi ya baridi wazee hupenda kuota moto. Mguu uliokufa ganzi hausikii moto, basi asikae karibu mno na mafiga, wala asikandwe kwa maji ya moto yasiyopimwa kwanza kwa mkono wa mtu mzima wa afya.

8. Dawa za shinikizo la damu zisiachwe kwa sababu amepata nafuu.

Lakini usianze mazoezi kabla ya kufika hospitali kama mguu mmoja umevimba ghafla na unauma, kama ameanguka na hawezi kukanyaga, au kama ana maumivu ya kifua au anahema kwa shida. Na kiharusi kipya, yaani mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kupotea, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Ninachoomba

Kwanza, nawaomba wauguzi wenzangu na waganga wa hospitali na zahanati zetu. Mgonjwa wa kiharusi asiruhusiwe kwenda nyumbani kabla ndugu anayemtunza hajaonyeshwa namna ya kumgeuza, kumkalisha na kumsimamisha, naye akafanya mbele yetu. Tunaandika dawa kwenye cheti, lakini mazoezi hatuyaandiki. Tuyaandike.

Pili, naziomba Jumuiya Ndogo Ndogo. Tunapowatembelea wagonjwa tunasali, tunaacha sabuni na sukari, tunaondoka. Ni vema. Lakini tukiwa watu wanane chumbani, kwa nini mzee abaki amelala? Wawili wamkalishe, tusali naye akiwa amekaa. Vijana wa VIWAWA wanaweza kusimika mianzi kwa mchana mmoja. WAWATA wanaweza kupeana zamu msimu wa kuchuma kahawa, watu wote wanaposhinda shambani na mzee akabaki peke yake toka asubuhi hadi jioni.

Tatu, wanaosimamia makazi ya wazee, wawe wa Serikali au wa Kanisa, wasijipime kwa weupe wa mashuka tu. Mwaka 1935 huko London, daktari mmoja mwanamke, Marjory Warren wa West Middlesex Hospital, alikabidhiwa wodi za nyumba ya maskini iliyokuwa jirani. Mlikuwa na mamia ya wagonjwa, wengi wazee, na wengi wao walilala humo miaka bila mtu kuuliza kwa nini. Alimpima mmoja mmoja, akaleta viti, akaweka mahali pa kushika, akawafundisha kusimama. Wengi walitembea, na wako waliorudi makwao. Naye hakuwa na dawa ya ajabu. Aliuliza tu swali moja: huyu kwa nini amelala? Swali hilo linafaa kuulizwa kila asubuhi, katika kila chumba.

Mwaka 2021 Baba Mtakatifu Fransisko aliiwekea Kanisa Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee, Jumapili ya nne ya Julai. Tuiadhimishe kwa nyimbo na zawadi, sawa, lakini zaidi tuiadhimishe kwa kumfikisha Misani mzee mmoja aliyekuwa haonekani.

Kumbukeni mkwewe Simoni Petro katika Injili ya Marko. Alikuwa amelala na homa. Bwana Yesu hakuamuru aletewe mto mwingine. Alimshika mkono, akamwinua, na yule mama akaanza kuwahudumia. Hakuna aliyemwambia, "Mama, umezeeka, keti." Aliinuliwa ili awe tena mtu wa nyumba ile. Basi, ndugu msomaji, ukimaliza kusoma ukurasa huu, nenda chumba cha nyuma, umpe mzee wako mkono.