Moto Hauzimwi kwa Tamko

Kila kiangazi kinapokolea, wakubwa wetu huja na tamko lilelile: ni marufuku kuchoma nyika. Husomwa mkutanoni, hupigiwa makofi, na baada ya wiki mbili moshi huonekana tena, tangu Magu hadi Kwimba. Tamko hilo halijui nyasi wala udongo. Ndiyo maana halishiki.

Moto unapopita, sehemu kubwa ya nitrojeni iliyomo katika majani hupaa na moshi. Fosforasi, kalsiamu na potasiamu hubaki zaidi katika majivu. Machipukizi yanayofuata huwa laini na yenye protini nyingi. Mfugaji anayechoma si mkorofi. Anapiga hesabu ya ng'ombe waliobaki mbavu. Lakini hesabu hiyo ina deni. Eneo likichomwa kila mwaka, kisha mifugo ikaingizwa kabla mizizi haijapata nguvu, udongo wa luseni, ule wa kichanga usio na akiba, huchoka upesi. Kwenye mbuga ya udongo mweusi hasara huchelewa. Wasukuma waliupa kila udongo jina lake kwa kuwa walijua haulingani. Tamko la wilaya linauona wote kuwa nyika tu.

Tazameni jirani yetu Serengeti. Sotoka ilipotoweka mwanzoni mwa miaka ya 1960, nyumbu waliongezeka kutoka takriban 250,000 hadi zaidi ya milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakala nyasi ambazo zingeungua. Moto ukapungua, miti ikarudi. Midomo ya nyumbu ilifanya kazi ambayo hakuna tamko lililowahi kuifanya. Na hadi leo hifadhi yenyewe huchoma baadhi ya nyasi kwa mpango, mapema, zingali na unyevunyevu, ili moto mkali wa mwishoni mwa kiangazi usipate cha kula. Ikichoma hifadhi, huitwa usimamizi. Akichoma mwanakijiji, huitwa uhalifu.

Nitaambiwa natetea uchomaji holela. La hasha! Anayeishi Kirumba hawezi kuutetea. Watafiti wa Ziwa Viktoria wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya fosforasi iingiayo ziwani hutoka angani, ikibebwa na vumbi na majivu. Ikizidi, mwani hutanda, nao unapooza hewa ya samaki hupungua majini. Rutuba inayopotea malishoni Kwimba inageuka uchafu katika maji yanayowalisha wachuuzi wa dagaa pale Mwaloni.

Dawa tunayo. Tangu mwaka 1986, kupitia mradi wa HASHI, wanavijiji wa Shinyanga walifufua ngitili, malisho yanayofungwa wakati wa masika ili yatumike kiangazi. Zaidi ya hekta 300,000 zilirejea, zikilindwa na sheria ndogo za vijiji na mabaraza ya jadi ya dagashida. Moto ulidhibitiwa kwa sababu nyasi zilikuwa na mwenyewe.

Basi kila kijiji kiwe na kalenda yake ya moto: wapi pachomwe mapema, wapi pafungwe, udongo upi upumzishwe miaka mingapi. Afisa ugani aliyesomeshwa kwa kodi ya mfugaji akae naye waiandike pamoja. Na mtumishi wa umma atakayeletewa tamko la mwaka huu alisaini, aulize kwanza: linazungumzia udongo gani?