Mizani ya Chai na Mizani ya Ulingo

Huku Bomet, kwenye mashamba ya chai, vijana wamepata gumzo jipya. Ukiketi nao jioni zamani, mazungumzo yalikuwa ni mbio tu: nani ameingia kambini, nani amepata tikiti ya Ulaya. Siku hizi simu hupitishwa mkono kwa mkono, na kinachotazamwa ni watu wawili ndani ya uzio wa waya, wakipigana ngumi, mateke, magoti, mieleka na kukabana shingo, yote katika pambano moja. Wenyewe huuita mchezo huo MMA. Mimi nitauita ngumi za mseto, ili tuelewane.

Huenda msomaji wa Lamu, Malindi au Mombasa akauliza: ya Bomet yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Kijana wa Mji wa Kale na kijana wa Konoin wanatazama picha zile zile, na wote wawili mtaji wao ni mwili. Tena mwenye biashara hii amekwisha piga hodi Afrika Mashariki.

Hebu tutazame asili yake. Tarehe 12 Novemba 1993, katika mji wa Denver huko Marekani, yalifanywa mashindano ya kwanza ya UFC. Hapakuwa na uzani, mnene alikutana na mwembamba. Hapakuwa na majaji. Yaliyokatazwa yalikuwa machache, kama kuuma na kutia vidole machoni. Mshindi alikuwa Royce Gracie wa Brazil, mtu asiye na maungo makubwa, aliyewashinda watu watatu usiku mmoja kwa ufundi wa kukaba. Watazamaji walishangilia, wakubwa wakachukizwa. Seneta John McCain aliufananisha mchezo huo na kupiganisha majogoo, akawaandikia magavana, na majimbo mengi yakaupiga marufuku.

Kwa hakika, marufuku ndiyo iliyozaa kanuni. Mwaka 2000 jimbo la New Jersey lilianza kuusimamia mchezo, na mwaka uliofuata kanuni za pamoja zikaandikwa: uzani, glavu, raundi za dakika tano, daktari kando ya ulingo, na mwamuzi mwenye amri ya kusimamisha pambano. Mwaka huo huo wa 2001 kampuni ya UFC iliuzwa kwa dola milioni 2. Mwaka 2016 ikauzwa tena, safari hii kwa kiasi cha dola bilioni 4. Msomaji na apime mwenyewe ni faida ya namna gani hiyo.

Afrika nayo haikukaa nyuma. Mwaka 2009 kampuni ya EFC ilianza mapambano yake Johannesburg, na huko ndiko alikopitia Dricus du Plessis kabla ya kutwaa ubingwa wa UFC Januari 2024. Kisha ikaja PFL, ligi ya Kimarekani iliyoanza 2018. Hiyo ilikuja na mtindo wa matawi: tawi la Ulaya mwaka 2023, la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini mwaka 2024, na la Afrika mwaka 2025. Mashindano ya tawi hili la Afrika yalikuwa ya mtoano katika uzani nne. Yalianza Cape Town mwezi wa Julai, yakaenda Johannesburg Agosti, yakafika Kigali Oktoba, na fainali zikapigwa Cotonou, nchini Benin, mwezi wa Desemba. Kutoka Bomet hadi Kigali ni safari ya mabasi tu, wala haihitaji ndege. Ndiyo maana nasema hodi imekwisha pigwa.

Sasa mtu ambaye jina lake liko katika kila kinywa huku ni Francis Ngannou wa Cameroon. Utotoni alichimba mchanga kwa ujira. Mwaka 2013 alifika Paris, akalala nje kwa kukosa makao. Machi 2021 akawa bingwa wa dunia wa uzani wa juu katika UFC. Vijana wanaikumbuka hadithi hii mpaka hapo, kisha wanaikata. Mimi naona faida yake iko mbele. Januari 2023 Ngannou aliondoka UFC akiwa bado bingwa, kwa kuwa hawakuafikiana mkataba. Alidai, pamoja na mengine, bima ya afya kwa wapiganaji na mtu wa kuwasemea. Mei mwaka huo akatia saini na PFL, na katika mapatano hayo akapewa uenyekiti wa tawi la Afrika. Ikiwa bingwa wa dunia alishindwa kupata bima, kijana asiyejulikana atapata nini?

Si yeye peke yake aliyelalamika. Wapiganaji walioishitaki UFC kwamba ilitumia nguvu zake za soko kuwabana malipo walifikia suluhu ya dola milioni 375, iliyoidhinishwa na mahakama Februari 2025. Basi kanuni zilizoandikwa New Jersey zinamlinda mtu dakika zile awapo ulingoni. Akishateremka, kinacholinda au kumwangamiza ni karatasi.

Watu wa Bomet hawahitaji kufundishwa hili kwa mbali, maana chai imewafundisha. Mkulima mdogo hulipwa kidogo kila mwezi kwa kilo, kisha hungoja bonasi ya mwaka. Mpiganaji naye mara nyingi hulipwa fungu moja kwa kupanda ulingoni, na la pili akishinda tu. Mwaka 2025 wakulima wa upande huu walinung'unika kwa sababu bonasi yao ilikuwa ndogo kuliko ya wenzao wa Mlima Kenya. Na wachumaji wa mashamba makubwa wameona mashine zikichukua kazi ya mikono yao, hata Mei 2023 baadhi ya mashine hizo zikachomwa moto huko Kericho. Mikono iliyokosa majani ya kuchuma hutafuta kazi nyingine, na promota anajua hivyo.

Wako wasemao: na upigwe marufuku, yaishe. Upande wa dini, hoja yao si ndogo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza kupiga uso, na Baraza la Fiqhi la Rabita lilikaa Makka Oktoba 1987 likaharamisha ndondi kwa sababu ya madhara yake. Madaktari nao wameyajua maradhi ya ubongo ya mabondia tangu mwaka 1928. Wapenzi wa Khabib Nurmagomedov, Mwislamu wa Dagestan aliyestaafu 2020 bila kushindwa hata mara moja katika mapambano 29, hujibu kuwa nguvu zake zilikuwa mieleka. Ni kweli, lakini akishamlaza mtu chini alimpiga uso vile vile.

Mimi si mufti, na fatwa nawaachia wenyewe. Nasema jambo moja tu. Zanzibar ilizuia ndondi baada ya mapinduzi ya 1964, na baada ya karibu miaka 60 zikarudi ulingoni Agosti 2023. Anayesema haramu na anayesema halali wote watamkuta kijana yule yule hospitalini. Kumkinga na madhara ni wajibu wao wote wawili.

Nchi hii ina kumbukumbu za pande zote. Medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki ililetwa mwaka 1964 na Wilson Kiprugut, mwana wa nchi hii ya chai ya Kericho, ambayo Bomet ilikuwa sehemu yake hadi 1992. Jirani zetu wa Nakuru walimtoa Philip Waruinge, bondia wa medali za 1968 na 1972. Robert Wangila akaleta dhahabu ya Seoul mwaka 1988, na mpaka leo ni Mkenya pekee mwenye dhahabu ya Olimpiki katika ndondi. Lakini Julai 1994 Wangila alipigwa Las Vegas, akafariki baada ya pambano. Hakuwa ametimiza miaka 27.

Basi linatakiwa nini? Kwanza, kijana asipande ulingoni popote kabla ya kupimwa na daktari asiyelipwa na promota. Pili, mkataba usomwe na wakili kabla ya saini, na aulize mambo matatu: nani atalipa hospitali, ni miaka mingapi nitafungwa, na tukigombana tutakwenda mahakama ya nchi gani? Sheria ya Michezo ya 2013 ilituundia baraza la kuamua mizozo ya michezo, lakini mkataba uliotiwa saini chini ya sheria za ng'ambo huenda usifike mbele yake. Tatu, serikali za kaunti, za Bomet na za pwani, ziweke daftari la makocha na kumbi zao, ili mzazi ajue mwanawe yuko mikononi mwa nani.

Mkulima wa hapa hakubali chai yake ipimwe huku amegeuka. Husimama mbele ya mizani, akaisoma kilo kwa macho yake. Mtoto wake anapokwenda kuuza mwili, na asimamiwe vivyo hivyo.