NYASI ZA MEI: CHAKULA AU MOTO?



Mvua zinaondoka. Mahindi yamesimama shambani yanakauka, na nyasi za kandokando ya njia zimefika kiunoni mwa mtu mzima. Ng'ombe wana matumbo, manyoya yanang'aa, na mwenye ng'ombe anatembea kifua mbele. Ni sasa hivi ndipo tunapotaka kuzungumza habari ya kiangazi. Tukingoja mpaka Septemba tutakuwa tunazungumza na mifupa.

Huku kwetu Mufindi mvua ni ya msimu mmoja. Inaanza Novemba, inakwisha Aprili au Mei. Baada ya hapo nyasi zina maadui wawili wanaopokezana. Kwanza ni baridi ya Juni na Julai, ambayo kule mabondeni inaleta sakitu asubuhi na kuunguza majani mabichi. Halafu ni jua na upepo, Agosti mpaka Oktoba. Kwa hiyo ni miezi mitano, na mwaka mwingine sita, ambayo nyasi hazikui. Ng'ombe yeye hapunguzi kula kwa sababu hiyo.

Tufanye hesabu kidogo. Ng'ombe wa maziwa wa kilo 400 anataka karibu kilo 12 za chakula kwa siku, ukikipima kikiwa kikavu. Ng'ombe wetu wa kienyeji wa kilo 250 anataka kama kilo 7. Siku 150 za kiangazi, yule wa maziwa peke yake anamaliza kilo 1,800. Tulipoiandika hesabu hii kwa chaki kwenye darasa la kisomo cha watu wazima, mzee mmoja alinyosha kidole akasema, "Basi sisi hatufugi mwaka mzima, tunafuga nusu mwaka." Watu walicheka, lakini hakuna aliyempinga.

Nusu nyingine ya mwaka tunamwachia ng'ombe ajitafutie. Hasara yake haionekani siku ile ile, ndiyo maana tunaivumilia. Ng'ombe akikonda sana haingii joto. Asipoingia joto hapati mimba, mpaka mvua zirudi na mwili wake urudi. Mimba nayo ni miezi tisa. Matokeo yake mtu analalamika kwamba ng'ombe wake ana mkosi, hazai kila mwaka, kumbe mkosi wenyewe ni njaa ya kiangazi kilichopita. Na ndama aliyenyonya kwa mama mwenye njaa anadumaa. Akiwa mtamba anachelewa kupandwa. Hiyo ni miaka ya maziwa inayopotea, na hakuna mwizi wa kumshtaki.

Sasa jamani, tuseme lile ambalo kila mtu analijua. Mahindi yakishavunwa, mifugo inaachiwa. Ni desturi ya zamani na wazee wetu waliifuata kwa akili: ardhi ilikuwa pana, na mabua yalikuwa ya wote. Siku hizi ardhi imejaa. Mabondeni kuna vinyungu, na kinyungu ndicho kinachomtoa mama na watoto wake kwenye kiangazi: mboga, maharage, mahindi ya kuchoma. Vilimani kuna misindano na milingoti michanga. Ng'ombe aliyefunguliwa asubuhi hana pa kwenda pasipo na mwenyewe. Kinyungu kikiliwa usiku mmoja, jasho la miezi miwili limekwenda, na majirani waliobebana kwenye misiba wanakutana ofisini kwa mtendaji, kila mmoja na shahidi wake. Ng'ombe mwenyewe bado ana njaa.

Halafu kuna moto. Wako wanaoamini kwamba kuchoma ni kusaidia malisho, eti majani mapya yanachipua. Ni kweli yanachipua. Lakini yanachipua kwa akiba iliyoko kwenye mizizi, siyo kwa mvua, maana mvua hakuna. Ng'ombe anayala machipukizi yanapotokea tu, mzizi unatoa akiba tena, anakula tena, mpaka mzizi unachoka. Fanya hivyo mwaka baada ya mwaka, nyasi laini zinakufa, zinabaki zile ngumu za mashina ambazo ng'ombe anazinusa na kupita. Kwa hiyo anayechoma mwaka huu anajipunguzia malisho ya miaka ijayo. Hatujataja bado miti ya jirani, ambayo mwenyewe aliiwekea ada ya shule ya watoto wake.

Hapa ndipo lilipo jambo letu hasa. Watu wa Mufindi wamepanda miti kwa wingi sana tangu miaka ya 2000. Waliona mfano wa Sao Hill, ambalo ni shamba kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya Serikali hapa nchini, wakaona na bei ya mbao. Vilima vilivyokuwa malisho vimekuwa misindano. Wafugaji wanasema miti imekula malisho. Wenye miti wanasema wafugaji ndio wanaowasha moto. Sisi tumewasikiliza wote, na kwa kweli baadhi yetu tuna miti na ng'ombe kwa pamoja, kwa hiyo tunalaumiwa pande zote mbili. Tunaona hivi: hawa wanagombana juu ya kitu kimoja. Katikati ya mistari ya misindano michanga, ile miaka ya kwanza kabla matawi hayajakutana, nyasi zinaota kuliko mahali pengine, maana hakuna ng'ombe anayeruhusiwa kuingia. Nyasi hizo zikibaki mpaka Septemba ni kama petroli. Zikikatwa Mei ni chakula. Ni nyasi zile zile.

Tunachopendekeza ni kwamba mwenye miti amruhusu mwenye ng'ombe kuingia shambani mwezi wa Mei na mwanzoni mwa Juni, aingie na mundu au fyekeo, siyo na ng'ombe, akate nyasi bure. Naye mwenye ng'ombe amsafishie mwenzake njia ya moto mpakani, na awe mwangalifu asikate miche. Hakuna anayemlipa mwingine fedha. Waandikiane karatasi mbele ya balozi wa nyumba kumi. Tunasema karatasi kwa sababu maneno ya mdomo ya Mei yanasahaulika Oktoba. Ukurasa mmoja wa daftari unatosha: jina, shamba, tarehe, na adhabu ya miche iliyokatwa.

Habari ya kukausha si ngumu. Bwana mifugo atakwambia nyasi nzuri ni ile inayoanza kutoa maua, kwa sababu ikishatoa mbegu inabaki fimbo. Shida yetu ni kwamba nyingine zinatoa maua mvua ikiwa bado inanyesha, ukikata zinaoza. Basi tukate mara tu siku za jua zinaposhikana. Nyasi ya Mei imekomaa kidogo, lakini inapita mbali ile ya Agosti. Itandaze, igeuze, siku mbili au tatu, uiondoe ikiwa bado na rangi ya kijani. Ikikaa juani wiki nzima inakuwa nyeupe, na hapo umekausha karatasi. Ukiiweka ghalani ikiwa mbichi inapata joto na ukungu, na ukungu unaumiza ng'ombe.

Kufunga marobota hakuhitaji mashine. Fundi seremala atengeneze kasha la mbao lisilo na chini wala mfuniko, urefu sentimeta 85, upana 55, kina 45. Tandika kamba mbili chini, jaza nyasi, shindilia kwa miguu, funga, inua kasha. Robota moja linakaribia kilo 20. Tukisema nyasi kavu zitoe nusu ya chakula cha yule ng'ombe wa kilo 400, ni kilo 900, yaani marobota 45. Idadi hiyo inatisha ukiisikia. Igawe kwa wiki nne, inakuwa marobota kumi na moja au kumi na mawili kwa wiki. Yawekwe juu ya kichanja, chini ya paa, maji yasiyaguse wala mchwa usiyafikie.

Nusu nyingine itoke wapi? Kwanza mabua. Inauma kuona mtu anayachoma mabua Agosti, na Oktoba anatembea maili tatu kutafuta majani. Yakusanye mara baada ya kuvuna kabla majani yake hayajapukutika, maana kwenye bua majani ndiyo yenye chakula, shina ni la kutafuna tu. Yakatekate vipande vifupi kwa panga, nyunyizia maji ya chumvi, ng'ombe atakula badala ya kuyakanyaga. Mabaki ya maharage baada ya kupura nayo yawekwe. Yana nguvu kuliko mabua, na wengi wetu tunayaacha pale pale uwanjani yaliwe na upepo. Mwenye uwezo aongeze pumba na mashudu ya alizeti kidogo kwa ng'ombe anayekamuliwa.

Pili, majani ya kupanda. Mabingobingo ni mazuri sana ila yanachukia sakitu. Majani ya Guatemala yanavumilia kiangazi zaidi, ingawa kwa chakula yako nyuma kidogo ya mabingobingo. Wenzetu wa Rungwe, ambao ardhi yao ni ndogo na migomba imejaa mpaka mlangoni, wanafuga ng'ombe wa maziwa bandani kwa majani ya Guatemala waliyoyapanda kwenye matuta ya kuzuia maji na kwenye mipaka ya shamba. Hawakungoja kupata ekari tano. Sisi mipaka tunayo, tumeiachia magugu.

Maji tusiyasahau. Ng'ombe wa maziwa anayekula vikavu anaweza kunywa lita 50 na zaidi kwa siku. Umpe nyasi kavu bila maji, hali. Na josho liendelee hata kiangazi. Kupe wadogo wapo msimu huu, na ndigana kali haingoji mvua.

Mtu atasema haya ni ya wazungu. Miaka ya 1980 ulikuwapo mradi wa maziwa wa Nyanda za Juu Kusini, uliosaidiwa na Uswisi, ulioeneza ng'ombe wa maziwa mikoa ya Iringa na Mbeya. Ng'ombe tuliwapokea kwa mikono miwili. Lakini Mswisi kwao anakata nyasi majira yote ya joto, anajaza ghala, kwa sababu anajua theluji inakuja. Sisi tulichukua ng'ombe tukaacha ghala. Wenzetu wana theluji, sisi tuna Septemba. Na kama ni habari ya kufanya kazi pamoja, mwaka 1973 kwenye kampeni ya Mtu ni Afya, watu nchini kote walikaa vikundi vikundi kuzunguka redio moja, wakatoka hapo wakaenda kuchimba vyoo. Kukata nyasi si kazi ngumu kuliko kuchimba choo.

Yako malalamiko mawili ambayo sisi tunayaona ya haki. La kwanza ni la mwenye ng'ombe wengi wa kienyeji: "Mimi nina ishirini, nitawakatia nyasi hao wote?" Hapana, hutaweza. Lakini chagua sasa. Dume mzee, jike aliyekoma kuzaa, wauzwe Mei wakiwa na nyama, siyo Oktoba wakiwa wamebaki ngozi na mnunuzi anakupangia bei. Watakaobaki ndio uwawekee. La pili ni la wazee na wajane wenye ng'ombe mmoja na hawana nguvu ya fyekeo. Hao wakatiwe na vijana kwa utaratibu wa balozi, kama tunavyolimiana, nao walipe kwa mbolea ya samadi. Kanuni inayomtoza faini mjane kwa ng'ombe mmoja wakati hakuna aliyemsaidia kukata, sisi hatutaiunga mkono.

Maana kanuni lazima iwepo. Tunataka Mkutano Mkuu wa Kijiji ujao ujadili mambo mawili. La kwanza ni kukomesha kuachia mifugo ovyo baada ya mavuno, kila mnyama awe na mchungaji au kamba, na mabua yawe mali ya mwenye shamba mpaka atakapoyatoa mwenyewe. La pili ni vile vipande vya malisho ya wote vilivyobaki. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haigawi ardhi ya kijiji bila kibali cha Mkutano Mkuu. Kwa hiyo wa kuamua kama kilima kilichobaki kiwe misindano au malisho ni sisi sote tukiwa tumekaa pale uwanjani. Asiyekuja asije akalalamika njiani. Tunawaomba hasa akina mama wenye vinyungu waje na waseme, maana mara nyingi wanaoumia ndio wanaokaa nyuma wamenyamaza.

Kasha la mfano tunataka litengenezwe wiki hii na likae kwenye ghala la ushirika. Anayelihitaji ajiandikishe kwa mtunza ghala, siku mbili kwa kila kaya, na lirudi likiwa na pande zake zote nne.

Katibu wa Tawi, kwa niaba ya wenzake