Kabla ya kusema "nunueni mbegu"



Tulipofika Kavumu kutoka Morogoro tulijiona wataalamu. Tulikuwa na vyeti vya chuo cha kilimo na daftari lenye vipimo vyote. Wiki ya kwanza tu tukaishiwa maji, makala na chumvi. Jirani yetu, mama mmoja wa makamo, ndiye alitufundisha kuishi: maji ya kuoshea maharagi yanakwenda kwenye mboga, makala yanazimwa mara chungu kikiiva, na chumvi inanunuliwa ya leo. Sokoni pesa ya gunia hakuna. Watu wananunua kwa kopo la Guigoz.

Katika mkutano wa kwanza tulisema, "Msile mbegu, nunueni mbegu bora." Mama huyo akatuuliza, "Batoto yangu, mbegu ni muzuri, lakini tutakula nini mupaka tuvune?" Jibu hatukuwa nalo.

Leo maoni yetu ni haya: shida ya Septemba inaanzia Juni. Maharagi yakivunwa, deni la duka na pesa ya shule vinangoja mlangoni. Wote tunauza kwa wakati mmoja, bei inashuka. Msimu A ukianza tunanunua maharagi yale yale kwa bei ya juu. Huo si uvivu. Ni kukosa pa kuweka na pa kukopa.

Pa kuweka papo. Shamba la ari 10 linahitaji kama kilo 8 za mbegu ya maharagi yasiyotambaa. Bido moja ya lita 20 inabeba kama kilo 15. Anika mpaka punje ukiing'ata ipasuke bila kuacha alama ya jino. Chukua bido safi, kavu, isiyowahi kubeba dawa. Ijaze mpaka shingoni, ifunge kabisa, usiifungue. Wadudu wakikosa hewa wanakufa.

Kwa hiyo tunaomba ushirika uamue mambo mawili. Kwanza, bido ya mbegu ijazwe siku ile ile ya kupura, kabla mwenye deni hajafika. Pili, kuwe na akiba ya chakula ya kukopesha wanachama, ili mama asilazimike kufungua bido yake mwezi wa nane. Bila hiyo ya pili, ile ya kwanza haitadumu.

Na sisi wataalamu tuna letu: tusimwambie mtu asile mbegu kabla ya kujua jioni hiyo amepika nini.