Asiyesikia la Mdogo

Wapendwa Taifa la Mungu, limezuka katika nchi yetu fundisho ambalo hatuna budi kulipinga hadharani. Linahubiriwa katika kumbi za semina, linasambazwa kwa simu za mkononi, na, kwa huzuni kubwa twasema, limekwisha kupanda hata mimbarini. Linadai kwamba mafanikio ya biashara huanzia katika kujiona mkubwa: vaa kama tajiri, nena kama tajiri, wala usikubali kushauriwa na aliye chini yako, kwani huyo ni maskini na fikra zake ni za kimaskini. Ukifanya hivyo, wanasema, fedha itakufuata yenyewe.

Sisi twasema kwamba fundisho hili ni la uongo. Tena si uongo mbele ya Injili peke yake, ni uongo hata katika hesabu ya biashara yenyewe.

Kwanza tuelewane maana ya maneno. Tunaposema mkubwa wa biashara awe mnyenyekevu, hatusemi aongee kwa sauti ndogo au atembee ameinamisha kichwa. Tapeli hodari aghalabu huwa mpole wa sauti. Unyenyekevu wa mfanyabiashara ni kuambilika: kukubali kwamba mteja, kibarua, mvuvi na mkulima wanajua jambo asilolijua yeye, na kuwasikiliza kabla hasara haijamlazimisha kuwasikiliza. Wahenga walituonya kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Walisema kweli, lakini katika biashara, ambamo mkuu ndiye mwenye fedha, anayevunjika guu mara nyingi ni yule asiyesikia la mdogo.

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Mto Rufiji unaopita hapa Mloka huteremka mpaka kwenye Delta, penye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote katika pwani ya Afrika ya Mashariki. Katika miaka ya 1990 kampuni iliyoitwa African Fishing Company ilikuja na mpango wa kuchimba huko mabwawa ya kufugia kamba, kwa gharama ya mamilioni ya dola, katika maelfu ya hekta. Baraza la Taifa la Hifadhi ya Mazingira lilishauri mradi usikubaliwe. Hata hivyo, mwezi Novemba mwaka 1997 Serikali iliuridhia. Wakazi wa Delta hawakuwa na kauli moja, maana walikuwapo waliotumaini ajira. Lakini wengi walihofia mashamba yao ya mpunga na mikoko yao, ambayo ndiyo kitalu cha kamba wa baharini, na baadhi yao walifika hadi Mahakama Kuu kudai kusikilizwa. Mwisho wa yote mabwawa yale hayakujengwa kamwe.

Hatusemi kwamba kesi peke yake ndiyo iliyouzuia mradi ule, kwani mambo ya fedha nayo yana njia zake. Tunachosema ni hiki: mtaji mkubwa, ramani nzuri na kibali cha wakubwa havikutosha. Mvuvi wa Delta, ambaye pengine hakuwahi kukanyaga ofisi ya benki, alijua habari za maji na mikoko ambazo hakuna fedha ingeweza kuzinunua. Mwenye kuambilika angeanza kwake. Asiyeambilika hukutana naye mahakamani.

Sasa tutazame upande wa pili. Hapana duka katika barabara ya kutoka Kibiti hadi Mloka ambalo halijui jina la Azam. Mwanzilishi wake, Said Salim Bakhresa, alizaliwa Zanzibar mwaka 1949. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 14, akaanza kwa kuuza mchanganyiko wa viazi, kisha katika miaka ya 1970 akawa na mgahawa mdogo jijini Dar es Salaam. Kutoka hapo yakaja mikate, vinu vya unga, juisi, aiskrimu, vyombo vya usafiri wa baharini na, mwaka 2013, televisheni. Hata klabu ya mpira yenye jina hilo, iliyotwaa ubingwa wa Tanzania Bara msimu wa 2013/14, ilianza kama timu ya wafanyakazi wa kampuni. Naye mwenyewe amejulikana kwa kukwepa waandishi wa habari kuliko kwa kuwatafuta.

Yeye ni Mwislamu, nasi ni Wakatoliki. Jema hatuliulizi dini yake. Wala hatujifanyi kuwa tumeuona moyo wake, maana mioyo huijua Mungu peke yake. Tunatazama kazi. Biashara ile haikumdharau mwenye shilingi chache. Imemfuata mtoto wa uswahilini kwa baiskeli ya aiskrimu, na imemfuata mama wa maandazi kwa unga wake. Aliyewahi kuuza chakula kwa mikono yake hujifunza mapema kwamba mnunuzi ndiye mwajiri wake. Somo hilo halifundishwi na suti.

Atatokea mtu aseme: basi mnatutaka sote tujifiche? La hasha! Mzee Reginald Mengi, aliyefariki mwezi Mei mwaka 2019, hakujificha. Yule alikwepa kamera; huyu alizimiliki, kwani ITV yake ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na alisema wazi aliyoyaamini. Hata hivyo, mhasibu huyu mzaliwa wa Machame, aliyekwisha kushika cheo kikubwa katika kazi ya kuajiriwa, hakuona haya kuanza biashara yake kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake. Tena alipokwisha kuwa tajiri, alijulikana kwa kuketi kila mwaka mezani na watu wenye ulemavu. Basi unyenyekevu haupimwi kwa ukimya. Hupimwa kwa kuuliza: ni nani anaruhusiwa kukaa karibu nawe na kukueleza ukweli?

Tunajua pingamizi kubwa zaidi, nalo twalisikia mara kwa mara: "Baba, wanyenyekevu ndio wanaoliwa. Mwenye lumbesa na mwenye kangomba ndio wanaojenga nyumba za bati." Ni kweli kwamba wanajenga. Mkulima wa ufuta mwenye mgonjwa nyumbani humuuzia mnunuzi wa njiani kwa kipimo cha wizi kabla ya mnada, na mnunuzi yule hurudi mjini akijiita mjanja. Lakini tuhesabu pamoja. Mwaka wa kwanza amepata faida. Mwaka wa pili mkulima anamchanganyia mchanga. Mwaka wa tatu mkulima analima kitu kingine, au analima kidogo, au anamficha. Mjanja yule ameikausha chemchemi aliyokuwa akiinywea. Nabii Amosi aliwakemea wapunguza vipimo tangu zamani, naye hakuwa mhubiri tu: alikuwa mchungaji wa kondoo na mtunza mikuyu, mtu aliyeijua bei ya jasho.

Tena tuseme neno ambalo baadhi ya matajiri wetu hawatalipenda. Wapo wanaoupenda sana unyenyekevu, ilimradi uwe wa wafanyakazi wao. Kibarua akidai ujira wa miezi miwili, anaambiwa hana unyenyekevu. Mpishi wa kambi ya watalii akisema chakula hakitoshi, anaambiwa ana kiburi. Huo ni unafiki. Unyenyekevu ni deni la aliye juu kwanza, maana yeye ndiye mwenye uwezo wa kutosikia. Aliye chini amekwisha kulazimishwa kusikia tangu kuzaliwa kwake.

Kwa nini tunayasema haya kwa ukali hapa Mloka? Kwa sababu tumo katika wakati wa kuchagua. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipokuwa likijengwa, wafanyakazi walikuja kwa maelfu. Mwaka 2025 mitambo yake yote tisa ilikamilika. Fedha ya ujenzi huondoka na wajenzi. Inayobaki ni biashara ya kila siku: mpunga, ufuta, samaki, nyumba za wageni, na watalii wanaoingia Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyoanzishwa mwaka 2019. Vijana wetu watakaoifanya biashara hiyo kwa fikra za semina watadumu msimu mmoja. Watakaoifanya kwa masikio yaliyo wazi watawarithisha wana wao.

Kwa hiyo, wapendwa, tunaomba mambo matatu kwa kila mwenye duka, boti, kambi au ghala. Mizani yako ikaguliwe, na mkulima aruhusiwe kuisoma mwenyewe. Ujira wa kibarua ulipwe siku mliyopatana. Na mara moja kila mwezi, mketishe mfanyakazi wako wa chini kabisa, umwulize anaona kosa gani katika kazi yako, kisha unyamaze mpaka amalize. Hili la tatu ndilo gumu. Ukiona hasira inakupanda kabla hajafika nusu ya maneno yake, ujue hapo ndipo biashara yako inapovuja.

Bwana wetu alisimulia habari za tajiri aliyepanga kujenga ghala kubwa zaidi. Katika mipango yake yote alizungumza na nafsi yake tu. Hakumwuliza mtu hata mmoja. Usiku uleule akaitwa. Tusizungumze na nafsi zetu peke yake.